Pengo la gramu 570: jinsia ilichangia kiasi gani?

Mapacha wakiwa wa kike na wa kiume, na wa kiume akaonekana mkubwa kwenye ultrasaundi, maelezo huwa tayari mdomoni: ni dume, lazima amzidi dada yake. Maelezo hayo si ya uongo. Wavulana huzaliwa wazito kuliko wasichana, wawe mapacha au wasiwe. Ubaya wake ni kwamba ukweli huu mdogo hutumika kufunika jambo kubwa, na anayefunikwa mara nyingi ni msichana.

Kisa kinachochambuliwa hapa kimeundwa kwa ajili ya kufundishia. Hakuna familia fulani nyuma yake, ila vipimo vimepangwa kwa namna vinavyojitokeza kwa wajawazito wa mapacha. Msichana alizaliwa na gramu 1,910, kaka yake gramu 2,480. Kati ya gramu 570 zinazowatenganisha, ngapi ni za jinsia, na zilizobaki zimetoka wapi?

Mimba ilivyokwenda

Mama ana miaka 29, mimba ni ya pili, hana shinikizo la damu wala kisukari, havuti sigara. Ultrasaundi ya kwanza ilifanyika wiki ya 12. Urefu wa watoto kutoka utosini hadi makalioni ulikuwa milimita 58 kwa mmoja na 56 kwa mwenzake. Umri wa mimba ulihesabiwa kwa yule mrefu, na ndivyo inavyoshauriwa: ukihesabu kwa yule mfupi, mtoto aliyeanza kudumaa mapema utamwona yuko sawa kwa siku zake, na kasoro itapotea kwenye kalenda.

Kipimo hichohicho kilionyesha jambo la pili, ambalo kwa uzito wa mapacha lina nguvu kuliko jinsia. Pale utando unaowatenganisha watoto unapokutana na kondo la nyuma palikuwa na kabari nene, yenye umbo la herufi lamda ya Kigiriki. Maana yake kila mtoto ana kondo lake. Alama hii iandikwe kwenye kadi siku inapoonekana, kwa sababu kadiri mimba inavyozidi kukua ndivyo inavyofifia, na baada ya wiki ya 14 hupungua uhakika.

Wiki ya 20 jinsia zikaonekana. Aliye karibu na mlango wa kizazi ni wa kike. Huyu ni Kurwa. Wa juu ni wa kiume, Doto. Jinsia tofauti ikathibitisha habari ya makondo mawili, kwani mvulana na msichana hutokana na mayai mawili, na mapacha wa mayai mawili huwa na kondo kila mmoja. Zipo hali za pekee (pacha wa yai moja ambapo mmoja amepoteza kromosomu Y, au mayai mawili yaliyoungana makondo mapema mno), ila ni chache kiasi kwamba huandikwa kwenye majarida zinapotokea.

Uzito uliokadiriwa ulikwenda hivi, Kurwa akitangulia:

Wiki ya 20: gramu 330 na 345, pengo asilimia 4.3
Wiki ya 24: gramu 600 na 640, pengo asilimia 6.3
Wiki ya 28: gramu 1,010 na 1,120, pengo asilimia 9.8
Wiki ya 32: gramu 1,520 na 1,790, pengo asilimia 15.1
Wiki ya 34: gramu 1,730 na 2,150, pengo asilimia 19.5
Wiki ya 36: gramu 1,960 na 2,520, pengo asilimia 22.2
Kwenye mizani, wiki 36 na siku 3: gramu 1,910 na 2,480, pengo asilimia 23.0

Pengo hukokotolewa kwa kutoa uzito wa mdogo kwenye uzito wa mkubwa, kisha kugawa kwa uzito wa mkubwa na kuzidisha kwa 100. Kugawa kwa mdogo ni kosa linalojirudia sana. Chukua wiki ya 34: ukigawa 420 kwa 2,150 unapata 19.5, lakini ukigawa kwa 1,730 unapata 24.3. Miongozo mingi huweka mpaka wa tahadhari kwenye 20 au 25, kwa hiyo kosa hilo dogo la kikokotozi linatosha kumhamisha mama kutoka kundi moja hadi jingine.

Sehemu ya jinsia

Kwa watoto waliobebwa peke yao na kutimiza miezi, mvulana humzidi msichana kwa wastani wa gramu 100 hadi 150. Kwa mapacha tofauti hupungua kidogo, ikawa gramu 100 hivi au chini ya hapo, kwa kuwa huzaliwa mapema na wadogo. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa chini ya gramu 2,500. Tofauti hiyo ikigeuzwa kuwa asilimia ya uzito wa mtoto, inaangukia kati ya 3 na 5. Katika hesabu za hapa tunatumia 4.

Inatoka wapi? Korodani za kijusi cha kiume huanza kutoa testosteroni karibu na mwisho wa mwezi wa pili wa mimba, na homoni hiyo hufikia kilele katika mwezi wa tatu na wa nne. Testosteroni husukuma ukuaji wa misuli na mifupa, ila haimalizi habari yote: kwa wanyama wa maabara, viinitete vya kiume vimeonekana kukua haraka hata kabla korodani hazijaundwa. Kondo nalo lina sehemu yake. Kondo la mtoto wa kiume huwa na kazi kubwa zaidi kwa kila gramu yake, yaani hujenga mtoto mzito zaidi kwa kondo la ukubwa uleule, na hivyo hubakiwa na akiba ndogo mambo yakiharibika. Utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta wajawazito wa watoto wa kiume wakila nishati zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko wajawazito wa watoto wa kike, bila wao wenyewe kuongezeka uzito zaidi. Wale walibeba mtoto mmoja mmoja. Kwa mapacha wa jinsia tofauti mlo ni wa mama mmoja, kwa hiyo njia hiyo haiwezi kumpendelea kaka na kumwacha dada.

Sasa rudi kwenye vipimo. Asilimia 4 ya uzito wa Doto ndiyo tunayoweza kuipa jinsia. Wiki ya 20 hiyo ni gramu 14 kati ya pengo la gramu 15, kwa hiyo anayesema "ni kwa sababu ni mvulana" yuko sahihi kabisa. Wiki ya 28 ni gramu 45 kati ya 110, chini kidogo ya nusu. Wiki ya 32 ni gramu 72 kati ya 270, karibu robo. Wiki ya 34 ni gramu 86 kati ya 420, moja ya tano. Siku ya kuzaliwa ni gramu 99 kati ya 570, sehemu moja ya sita.

Maelezo yaleyale yalikuwa kweli tupu wiki ya 20, na wiki ya 36 yakawa kisingizio, ilhali jinsia za watoto hazikubadilika. Pengo la jinsia, likitazamwa kwa asilimia, hutulia. Pengo linalopanuka kila kipimo lina chanzo kingine, na hilo ndilo la kushika katika kisa hiki.

Kuna pingamizi la haki hapa: ultrasaundi hukosea. Uzito unaokadiriwa hutokana na fomula zinazochanganya upana na mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa paja, na matokeo huweza kupotoka kwa asilimia 10, wakati mwingine hata 15. Kwa mapacha ni vigumu zaidi, kwa sababu mmoja humkinga mwenzake na tumbo hubanwa likapoteza mviringo. Mzingo wa tumbo ndio unaoyumbisha hesabu kuliko vipimo vingine. Kwa hiyo pengo la asilimia 6 la wiki ya 24 halina maana lenyewe kwa lenyewe, na hata lile la 9.8 linaweza kuwa mkono wa mpimaji. Ila makosa ya mkono huenda huku na huku. Mara moja yatamnyima Kurwa, mara nyingine Doto. Vipimo sita mfululizo vikielekea upande mmoja, mkono wa mpimaji hauwezi tena kubeba lawama.

Kasi ya kuongezeka husema zaidi. Kati ya wiki ya 28 na 32 Doto alipata gramu 670, karibu 168 kwa wiki; Kurwa alipata 510, karibu 128. Kati ya wiki ya 32 na 34 Doto alikwenda kwa gramu 180 kwa wiki, Kurwa akashuka hadi 105. Wavulana hukua haraka kuliko wasichana, ndiyo, ila si kwa kiwango hicho.

Wangekuwa wa jinsia moja

Hapa ndipo takwimu za jumla huwachanganya wasomaji wengi. Ukiwapanga mapacha wote katika makundi matatu, yaani wavulana wawili, wasichana wawili, na mchanganyiko, kwa kawaida jozi za wasichana wawili ndizo nyepesi zaidi, na ndani ya jozi mchanganyiko mvulana humzidi dada yake. Hadi hapo mambo ni mepesi. Ukiendelea na kulinganisha jinsia moja dhidi ya mchanganyiko, unakuta mchanganyiko wana nafuu. Wengi huruka kutoka hapo hadi kwenye hitimisho kwamba kukaa na pacha wa jinsia nyingine humnenepesha mtoto. Hesabu ya chini kwa chini ni nyingine.

Wilhelm Weinberg, daktari wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1901 kuwa idadi ya mapacha wa mayai mawili inaweza kukadiriwa kwa kuzidisha mara mbili idadi ya jozi za jinsia tofauti, kwa sababu mayai mawili yana nafasi karibu sawa ya kutoa jinsia moja au mbili. Chukua jozi 100 ambazo 30 ni mchanganyiko. Wa mayai mawili ni 60 hivi, wa yai moja 40. Hao 40 wote wako kwenye zile jozi 70 za jinsia moja. Na kati ya mapacha wa yai moja, karibu theluthi mbili hutumia kondo moja, kwa hiyo jozi kama 27 kati ya zile 70 zinagawana kondo. Kundi la mchanganyiko halina hata jozi moja ya namna hiyo.

Kugawana kondo hupunguza uzito, na mara nyingi huleta pengo kubwa lisilohusiana kabisa na jinsia, maana wawili hao wana jinsia ileile na chembe za urithi zilezile. Sehemu za kondo hugawanywa bila usawa. Mishipa huunganisha damu ya mmoja na ya mwenzake, na katika jozi 10 hadi 15 kati ya 100 zinazogawana kondo, damu humiminika upande mmoja kiasi cha kuwa ugonjwa unaohitaji matibabu ya haraka. Ndiyo maana mama mwenye kondo moja hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, wakati mwenye makondo mawili, kama hana tatizo, hupimwa kila wiki nne. Anayelinganisha uzito wa mapacha kwa jinsia bila kutenganisha makondo kwanza, analinganisha makondo bila kujua.

Baada ya kuwatenga wa yai moja bado kitu kimoja hubaki, nacho kinavutia. Uchunguzi wa mapacha wa Flanders Mashariki nchini Ubelgiji, ambao umekuwa ukiandikisha mapacha tangu 1964, ulitoa mwaka 2001 matokeo ya mapacha wa mayai mawili peke yao. Mimba za wavulana wawili zilikuwa fupi kuliko zile zenye msichana ndani yake. Mvulana aliyekaa na dada alizaliwa mzito kuliko mvulana aliyekaa na kaka, na chanzo kilikuwa siku za ziada tumboni: kuwapo kwa msichana kulirefusha mimba. Kwa mtoto anayeongeza gramu 20 na zaidi kwa siku, siku nne tu hukaribia kufuta tofauti nzima ya jinsia. Yaani katika kisa chetu inawezekana Doto amefaidi kwa sababu ya Kurwa. Kinyume chake, kwamba homoni za kaka humfikia dada na kumwongezea uzito, hakijathibitika kwa binadamu. Ng'ombe jike aliyezaliwa pacha na dume kwa kawaida huwa tasa kwa sababu makondo yao huungana na damu kuchanganyika. Makondo mawili ya binadamu hayafanyi hivyo, hata yakisukumana hadi yakaonekana kama kitu kimoja.

Wiki ya 34

Kwa kiwango cha kimataifa kilichokubaliwa na wataalamu mwaka 2019, pacha mwenye kondo lake huhesabiwa kuwa amedumaa peke yake iwapo uzito wake uko chini ya mstari wa 3 kwenye chati (yaani watoto watatu tu kati ya 100 wa umri huo ndio wepesi kuliko hapo), au iwapo masharti mawili kati ya matatu yametimia: uzito chini ya mstari wa 10, pengo la asilimia 25 au zaidi, na ukinzani wa damu kwenye ateri ya kitovu cha mdogo kupita mstari wa 95.

Wiki ya 28 Kurwa alikuwa akiugusa mstari wa 10. Wiki ya 32 alikuwa chini yake. Wiki ya 34 kipimo cha dopla, yaani ultrasaundi inayopima mwendo wa damu, kilionyesha ukinzani kwenye ateri ya kitovu chake umepita mstari wa 95, ingawa damu bado ilikuwa ikienda mbele moyo unapopumzika. Masharti mawili yametimia. Sharti lililobaki halikutimia wakati huo wala baadaye: pengo halikufika 25 hata siku ya kuzaliwa. Anayengoja namba hiyo peke yake angemrudisha mama nyumbani kwa wiki mbili.

Ni afadhali pia kujua chati ipi inatumika. Kuna chati zisizotenganisha jinsia, na kuna zinazotenganisha. Katika hizi za pili mstari wa msichana hukaa chini ya ule wa mvulana mwanzo hadi mwisho. Kwenye chati ya pamoja, msichana mdogo mwenye afya huweza kuonekana amedumaa, na mvulana aliyedumaa kweli huweza kupita bila kuonekana. Kosa la pili ndilo baya zaidi, na katika jozi mchanganyiko lina mtego wake: mvulana akilingana uzito na dada yake, kila mtu hufurahia kuwa "wanakwenda sawa", kumbe mvulana ndiye aliyerudi nyuma. Pengo la sifuri kati ya kaka na dada halina maana ya afya kwa lazima.

Kuanzia hapo Kurwa alipimwa dopla kila wiki, pamoja na maji yanayomzunguka na mapigo ya moyo. Wiki ya 36 alikuwa ameongeza gramu 230 tu kwa wiki mbili. Uamuzi ukawa kutosubiri wiki ya 37, ambayo ingetosha kwa makondo mawili yasiyo na tatizo. Watoto walizaliwa kwa upasuaji.

Mizani

Katika upasuaji, mtoto anayeitwa wa kwanza kwenye ultrasaundi si lazima atoke wa kwanza. Anayeingiza mkono wake mle ndani humshika aliye karibu. Kwa wavulana wawili au wasichana wawili, majina hubadilishana kimya kimya na rekodi yote ya ukuaji ikaenda kwa mtoto asiye wake. Jinsia tofauti ndiyo kinga pekee ya bure dhidi ya kosa hilo. Kwa jinsia moja, weka kibanio kimoja kwenye kitovu cha atokaye kwanza na viwili kwenye cha wa pili, upande wa mtoto na upande wa kondo, kisha vitambulisho mkononi na mguuni kabla ya kumhamisha yeyote.

Mtoto hupimwa uchi, amekaushwa, ndani ya saa ya kwanza, kwenye mizani iliyorudishwa kwenye sifuri ikiwa na kitambaa chake. Kitambaa kilichosahaulika kinaweza kuongeza makumi ya gramu, na hapo nusu ya tofauti ya jinsia tayari imeharibika. Uzito uandikwe kama ulivyosomwa. Tabia ya kuzungusha hadi 1,900 na 2,500 ina madhara yasiyoonekana: katika kisa hiki ingemtoa Doto kwenye kundi la watoto wenye uzito pungufu, na yeye pia, pamoja na ukubwa wake mbele ya dada, alikuwa chini ya gramu 2,500.

Mwili wa Kurwa ulieleza namna alivyodumaa. Alikuwa na urefu wa sentimita 44.5 na kichwa cha sentimita 31.8, Doto alikuwa na 46.5 na 33.0. Ukichukua uzito kwa gramu, ukazidisha kwa 100 na kugawa kwa urefu × urefu × urefu (kwa sentimita), Doto anapata 2.47 na Kurwa 2.17. Kurwa ni mwembamba kwa urefu wake, kichwa kimeachwa kidogo tu nyuma. Udogo wa jinsia hauko hivyo. Msichana aliye mdogo kwa sababu ni msichana huwa mdogo kwa uwiano, na mashavu yake yamejaa. Aliyenyimwa chakula mwishoni mwa mimba huwa na ngozi iliyolegea mapajani na tumbo lililobonyea, kwa kuwa ubongo ulilindwa na ini likakosa akiba.

Kondo

Kondo la nyuma hutupwa haraka mno, na kwa mapacha wenye pengo ni upotevu wa jibu. Haya mawili yalitazamwa. Utando uliowatenganisha ulikuwa na tabaka nne, zinazobanduka kwa vidole. Mapacha wanaogawana kondo huwa na mbili tu. Baada ya kukatwa tando na vitovu, kondo la Doto lilikuwa na gramu 410 na la Kurwa gramu 270. Kitovu cha Doto kiliingia karibu na katikati. Cha Kurwa kiliishia kwenye tando, sentimita kadhaa nje ya ukingo wa kondo, na mishipa yake ikatambaa juu ya utando bila ute wa kuikinga kabla ya kufika. Upande wa mama kulikuwa na sehemu ngumu zilizokufa, za rangi ya kijivu.

Kila gramu ya kondo la Doto ilijenga gramu 6.0 za mtoto. Kila gramu ya kondo la Kurwa ilijenga 7.1. Kondo lake dogo lilifanya kazi kupita kiasi na bado halikutosha. Hapo ndipo zilipo gramu 470 zilizobaki baada ya jinsia kuchukua mia yake. Inawezekana pia kuwa kiasi fulani ni urithi tu, maana mapacha wa mayai mawili ni ndugu wa kawaida waliokutana tumboni, na ndugu huzaliwa na uzito tofauti. Ila urithi peke yake haupandishi ukinzani kwenye ateri ya kitovu.

Uzito na pumzi

Siku ya kwanza ilikuwa na kinaya chake. Mtoto aliyeshindwa kupumua vizuri alikuwa yule mzito. Doto alipumua mara 76 kwa dakika, akiguna kila anapotoa pumzi, na alihitaji msaada wa hewa kwa saa 20. Mapafu ya wavulana hukomaa nyuma ya yale ya wasichana wa umri uleule, na katika watoto njiti wavulana hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi, gramu zao zikiwa nyingi au chache. Kuwa wa pili kuzaliwa na kuzaliwa kwa upasuaji bila uchungu kuanza huongeza hatari hiyo, kwa hiyo si haki kuipa jinsia lawama yote. Hata hivyo, mpango wa chumba cha watoto unaomweka mzito kando na kumzingira mwepesi peke yake una kasoro.

Kurwa alipumua vizuri. Shida yake ilikuwa sukari: saa 2 baada ya kuzaliwa ilisoma milimoli 1.9 kwa lita, chini ya 2.6 inayotumiwa sana kama mpaka. Alipakwa jeli ya glukosi ya asilimia 40 ndani ya shavu, nusu mililita kwa kilo, yaani mililita 1 hivi, kisha akanyonyeshwa. Kipimo cha baadaye kilisoma 2.8, na kikaendelea kurudiwa kabla ya kila mlo kwa saa 24. Joto lake lilishikiliwa kati ya 36.5 na 37.5 kwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama. Kwa mililita 60 kwa kilo siku ya kwanza, yeye alihitaji mililita 115 na kaka yake 149. Kwa milo minane ni mililita 14 na 19. Kuwapimia kiasi kimoja kwa kuwa ni mapacha ni kumnyima mmoja au kumtapisha mwingine.

Baada ya kwenda nyumbani

Chati zao ni mbili, ya wasichana na ya wavulana, na umri unarekebishwa kwa kutoa wiki 3 na siku 4 walizokosa kufikisha 40. Kumchora Kurwa kwenye chati ya kaka yake humfanya aonekane mgonjwa zaidi ya alivyo, na kuwachora wote kwenye chati ya wasichana humpendezesha Doto bila sababu. Kupungua hadi asilimia 10 ya uzito katika siku za mwanzo hutarajiwa. Kwa Kurwa hiyo ni gramu 191, na akivuka hapo unyonyeshaji unakaguliwa siku hiyohiyo. Uzito wa kuzaliwa urejee ndani ya wiki mbili.

Kwenye majadala yao, mbele ya "uzito wa kuzaliwa", kiandikwe pia chanzo: kwa Kurwa, kitovu kilichoishia kwenye tando na kondo la gramu 270. Kwenye kadi ya mama iandikwe vilevile, kwa sababu mimba ijayo, hata ikiwa ya mtoto mmoja, ultrasaundi ya wiki ya 20 inapaswa kutafuta mahali kitovu kinapoingilia na kuona kama kuna mishipa iliyopita juu ya mlango wa kizazi.